Msemaji wa Kumi na Moja

Mezani walikaa watu kumi, na Trish akaandika maneno ya watu kumi na mmoja.

Aliligundua hilo wageni walipokwisha kuondoka, vikombe vikiwa bado mezani na makombo ya keki hayajafutwa. Trish Vukovich alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu na kuja kuendesha kampeni ya Delia Pascoe. Mtu wa kukosea idadi ya vichwa chumbani hakuwa yeye. Alihesabu viti, akahesabu kurasa za daftari lake, kisha akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya blauzi.

"Delia, yule bwana aliyekaa karibu na friji anaitwa nani?"

"Bwana gani? Karibu na friji pana kiti cha mikoba tu."

"Basi mkoba umesema."

Delia alicheka. Trish hakucheka.

Upande ule wa Perth, Australia, mtu akitaka kugombea ubunge bila chama huanzia jikoni. Huita majirani kumi, akachemsha chai, akakata keki, na kila mmoja akapewa dakika zake za kusema linalomkera. Hakuna kumkatiza mtu, hakuna kubishana, na anayegombea ndiye aliyefungwa mdomo kuliko wote: kazi yake ni kusikiliza, na mtu akimaliza amshukuru kwa sentensi moja, basi. Mwandishi huandika kila neno, na taarifa hutumwa kwa wote waliohudhuria. Delia alipoelezwa utaratibu huo aliona kama umeshonwa kwa kipimo chake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwekezaji wa kampuni changa, kazi yake kukaa mbele ya vijana wenye mawazo makubwa na viatu vilivyochakaa, kuwasikiliza, kisha kuamua nani apewe mtaji na nani arudi kwao. Kusikiliza alijua, hakuna wa kumnyima hilo. Kasoro yake ilikuwa kwenye kile alichofanya na aliyoyasikia.

Sentensi yake ya shukrani aliitunga mwenyewe: "Nimekusikia. Mlango wangu uko wazi." Watu waliipenda hata ikachapwa chini ya picha yake kwenye mabango yaliyofungwa kwenye nyuzio za nyumba, kuanzia mtoni mpaka kwenye reli.

"Nisomee alichosema huyo wa karibu na friji," alisema Delia.

Trish akarudisha miwani machoni. "'Samahani, sitawachukulia muda. Mimi nilikuwa nikija hapa kila Alhamisi. Nilikuwa nikikaa kiti hikihiki. Siku moja nilimweleza mwenye nyumba jambo langu, akanishika mkono.' Mwisho. Halafu nimeandika jibu lako."

"Jibu gani?"

"Lilelile. Nimekusikia, mlango wangu uko wazi."

Delia akakaa. Hakukumbuka kulisema mara ya kumi na moja, lakini alasiri ile alikuwa amelisema sana, na neno likizoea mdomo hutoka lenyewe. Kilichomshtua ni yale maneno ya mwanzo. Katika maisha yake yote alimjua mtu mmoja tu aliyekuwa akiomba radhi kabla hajasema lolote, na mtu huyo alikuwa na miaka mitatu kaburini.

"Umechoka, Trish. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini hii nazi iliyochacha inanuka wapi?"

Delia naye alikuwa ameisikia harufu hiyo. Nyumbani mwake hamkuwa na nazi.

Tangu siku hiyo jiko likawa na mwenyewe. Kiti cha mikoba alikiacha kimesukumwa chini ya meza, akarudi na kukikuta kimevutwa nje, kimegeuzwa kidogo kuelekea mlangoni, namna mtu anavyogeuza kiti akimngoja mwenziwe aingie. Alikirudisha. Kikavutwa tena. Saa nne za asubuhi, jua limejaa sebuleni na jirani anakata majani kwa mashine, alikuwa akizungumza kwa simu na mwenye mashamba ya mizabibu aliyetaka kuisaidia kampeni, mara akasikia jikoni mtu anakohoa kidogo, kikohozi kile cha kusafisha koo cha mtu anayejiandaa kusema mkutanoni. Alinyamaza. Kikohozi nacho kikanyamaza. Aliporudi kwenye simu, kikaja tena, kwa adabu, kikiomba zamu.

Ustaarabu ule ndio uliomtisha. Kitu kile kingekuwa kimevunja sahani angeita polisi, kingemwita jina angepiga kelele, lakini kilikuwa kinangoja tu zamu yake, asubuhi, mchana na alasiri, kwenye kiti kilekile, katika harufu ileile ya nazi iliyoharibika, mpaka Delia akaacha kuingia jikoni na kuanza kula mkate ndani ya gari huku akijiambia kwamba ni kampeni, ni uchovu, ni friji kuukuu.

Meza ya pili ya majirani ilikuwa nyumbani kwa Colin Asher, daktari wa meno mstaafu, saa tano asubuhi. Delia alifurahi kwamba si kwake. Alikaa, akaweka mikono mapajani, akasikiliza. Mama mmoja alilalamikia foleni za hospitali. Kijana mmoja alisema kodi ya nyumba imemrudisha kwa wazazi wake. Colin alizungumzia mbwa ufukweni kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Wa kumi alipomaliza, Delia alisogeza kiti nyuma ili ainuke, na hapo harufu ikaingia.

"Samahani, sitawachukulia muda."

Sauti ilikuwa ya kijana, ya chini, yenye kigugumizi kidogo kwenye herufi za mwanzo. Watu wote waliisikia. Kila mmoja alidhani ni ya jirani yake, na kwa kuwa ni utovu wa adabu kumkodolea macho anayesema, kila mmoja aliangalia kikombe chake.

"Nilimwambia mwenye nyumba ile niliyokuwa nikienda kila Alhamisi kwamba sipati usingizi. Nilimwambia nasikia kengele usiku na kengele hakuna. Nilimwambia yeye tu, hata mama sikumwambia, kwa kuwa mama angelia, na yeye akanishika mkono akasema, Azrin, hili litabaki hapa mezani."

"Tafadhali," Delia alisema. Shingo ilikuwa imemlowa. "Tafadhali, muda umekwisha."

Colin akainua kidole. "Delia, rafiki yangu, sheria ni zako mwenyewe. Mwache mwenzetu amalize."

"Namaliza, bwana," sauti ikasema. "Lililobaki, alichokifanya Jumatatu yake, nitalisema Alhamisi hii kwenye meza ya nyumbani kwake. Nasikia atakuwepo mwandishi wa gazeti."

Watu kumi wakamtazama Delia, wakingoja ile sentensi, na yeye alijua kwa uhakika wa mwili mzima kwamba hapaswi kuisema, kwamba hiyo ndiyo kamba ambayo kitu kile kilikuwa kinaipanda kuingia kwake, na kwamba mtu mwenye haya angeinuka sasa hivi akatoka nje. Lakini kura kumi zilikuwa zinamtazama, na Trish akamgusa mguu chini ya meza, na mdomo wake ukafunguka.

"Nimekusikia," alisema. "Mlango wangu uko wazi."

Ndani ya gari Trish hakuwasha injini.

"Nilimtazama kila mmoja mdomoni," alinong'ona. "Kama darasani, unavyomtafuta anayepiga mluzi. Hakuna mdomo uliofunguka. Azrin ni nani?"

"Alikuwa na kampuni. Bangili za wazee: mzee akianguka, bangili inapiga simu kwa wanawe. Niliwekeza, nikakaa kwenye bodi yake."

"Na Jumatatu ulifanya nini?"

Delia alitazama nje. Picha yake ilikuwa inamtabasamia kutoka kwenye uzio wa Colin. "Aliacha kazi kwa sababu ya ugonjwa," alisema. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye tangazo la kampuni, na sentensi hiyo pia aliitunga yeye.

Trish akawasha gari.

Mama yake Azrin aliishi kusini mwa mto, katika fleti ya vyumba viwili, na alikuwa mpishi kwenye kantini ya shule. Watu wake walitoka visiwa vya Cocos katika Bahari ya Hindi, na kwao, mwanamke akizaa mtoto wa kwanza jina lake la usichana husahaulika. Wote walimwita Mama Azrin: msikitini, kantini, sokoni. Miaka mitatu baada ya kumzika kijana wake bado aliitwa kwa jina lake mara ishirini kwa siku. Delia hakuwa amefika pale tangu mazishi, na hata mazishini alikaa nyuma na kuondoka mapema. Afadhali isemwe wazi kwamba hakwenda kuomba msamaha. Alikwenda kutafuta namna ya kunyamazisha kitu kile kabla ya Alhamisi.

Mama Azrin alimpokea kwa mikono miwili. Akaleta chai, akaleta biskuti kwenye sahani ya wageni.

"Bi Delia, umekuja mwenyewe mpaka huku. Na shughuli zote hizi za uchaguzi."

"Mama Azrin, nina jambo gumu kulisema. Nyumbani kwangu kuna sauti. Ni sauti yake."

Mwanamke yule hakushtuka. Aliweka kikombe chini polepole. "Inaanza kwa kuomba radhi?"

"Ndiyo."

"Huyo si mwanangu. Mwanangu amelala. Kila mtu huzaliwa na jini wake, karini wake, wanakua pamoja. Mtu akifa, karini anabaki. Akiwa na neno lililomkwama, hutangatanga nalo, akitafuta wa kumkaribisha. Wewe ulimkaribisha?"

Delia akainamisha kichwa. "Mara mbili."

"Bila kujua." Mama Azrin alimpapasa mkono. "Basi nisamehe mimi, Bi Delia. Alikusumbua akiwa hai na sasa anakusumbua hivi. Ulimpa kila kitu, akili yake ikamwangusha. Watu wa msikitini waliniambia, Mama Azrin, mwanao aliingiwa na wazimu, akaacha kampuni, akaendesha gari kama mwendawazimu usiku wa manane kwenda kwa mjomba wake mpaka akapinduka. Mwanzo nilibisha. Baadaye nikaona, mama mtu mzima abishe na watu wote kwa lipi? Nikakubali. Sasa wakisema, naitikia kwa kichwa tu."

Hapo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa mikono miwili. Delia aliona aibu, na pamoja na aibu hiyo akanyoosha mkono, akachukua biskuti, akaila.

"Kaka yangu ana elimu ya mambo haya," Mama Azrin alisema. "Atakuja. Usiogope."

Ustaz Mahadi alikuja Jumatano kutoka mji wa Katanning, mwendo wa saa tatu kwa gari, akiwa na pikapu yenye vumbi. Alikuwa mchinjaji kwenye machinjio ya kule, mtu mfupi, mpana, mwenye mikono safi kupita kiasi. Aliingia jikoni kwa Delia saa sita mchana, akasimama katikati akivuta hewa puani, akakitazama kile kiti, kisha akawaketisha Delia, Trish na dada yake upande wa pili wa meza.

"Sikilizeni, kina dada. Huyu hana nguvu ila mbili: neno alilolibeba na ukaribisho aliopewa. Neno nitalitoa kwa kinywa cha mwenye nalo. Ukaribisho nitaukata kwa aya. Lakini mtu asimtaje kwa jina. Akiwaita msiitike. Akilia msimbembeleze. Mmenielewa?" Alimtazama dada yake kwa muda mrefu. "Wewe hasa."

"Nimeelewa, kaka."

Trish alikuwa na daftari mapajani. Aliulizwa la nini, akasema mikono yake inahitaji kazi.

Ustaz akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu, si kwa sauti kubwa. Nje jua lilikuwa linawaka, kunguru wa mitaa ile wakiburuzana kwenye paa la jirani, na ndani ya jiko mwanga ukawa ule ule lakini joto likaondoka, likaondoka kabisa, mpaka pumzi zao zikaanza kuonekana, na harufu ya nazi ikawa nzito hata ikakaa kwenye ulimi, na kile kiti, ambacho wote wanne walikuwa wanakitazama, kikalia mlio wa mbao inayoelemewa na mtu anapokaa.

"Samahani," sauti ikasema. "Nilijua kesho ndiyo zamu yangu."

"Sema, dada," Ustaz alimwambia Delia bila kugeuka. "Sema wewe alilokuja kulisema yeye. Usiache kitu."

Delia akasema. Mwanzo sauti ilikuwa ile ya mikutano, iliyopigwa pasi. Alisema kulikuwa na wanunuzi waliotaka kampuni, na walitaka mkuu mtulivu. Akasema kijana alimweleza siri yake Alhamisi. Hapo akakwama.

"Endelea."

"Jumatatu niliwaambia wajumbe wa bodi kwamba mwanzilishi wetu anasikia vitu ambavyo havipo. Nilisema nina hofu na akili yake. Walimtoa siku ileile. Alikuwa ameketi nje kwenye korido, ana keki ya nazi aliyoleta kwa ajili ya wajumbe." Delia aliibana mikono yake. "Na nilikuwa nimeiona barua ya daktari. Alinionyesha mwenyewe. Daktari aliandika ni uchovu, apumzike siku kumi, atarudi kazini mzima. Hiyo sikuwaambia. Hakuwa na wazimu, mama. Hakuwa nao hata siku moja. Nilijua."

Kalamu ya Trish ilikuwa imesimama.

Mama Azrin hakulia. Alikuwa anamtazama Delia kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Niliitikia kwa kichwa," alisema taratibu. "Miaka mitatu. Walipomwita mwendawazimu, mimi mama yake niliitikia kwa kichwa."

"Neno limetoka," Ustaz alisema haraka, akiinua mkono. "Huna ulichobeba tena. Toka kwa amani." Akaongeza kasi ya kisomo, na kile kiti kikaanza kutetemeka, na vikombe kabatini vikaitikia, na baridi ikaanza kupasuka vipandevipande ikiingiza joto la mchana, na kila mtu jikoni alihisi kitu kinasogea kuelekea mlango wa nyuma, kinakwenda, kinakubali kwenda, hatua baada ya hatua, na kilipofika kizingitini kikasema, kwa sauti ndogo zaidi, sauti ya mtoto wa miaka saba au minane:

"Mama, sijui njia."

"Usijibu," Ustaz alisema.

"Mama."

"Dada, nakuomba. Si yeye. Unajua si yeye."

"Najua," alisema Mama Azrin. Alikuwa ameshasimama, mkoba begani. "Azrin, twende nyumbani, mwanangu."

Kisomo kikakatika katikati ya aya. Joto likarudi lote kwa pamoja. Mama Azrin akapita mlango wa nyuma akiwa ameinua mkono kidogo pembeni, namna unavyompitishia mtu mkono mgongoni, akaenda mpaka kwenye gari lake dogo, akafungua mlango wa abiria, akangoja, akainama kufunga mkanda wa kiti. Wakamsikia anazungumza. Kisha gari likaondoka.

Ustaz Mahadi alikaa kwenye ngazi ya jiko. Alizeeka pale pale.

"Kutoka kwako ametoka," alimwambia Delia. "Kwake siwezi. Ukaribisho wa mama sina aya ya kuukata. Na jini akikaa na mtu aliyempenda, humla. Si kwa ubaya, ndivyo alivyoumbwa." Akafuta uso. "Iko njia moja. Dada yangu amemchukua yule kwa sababu wake hana tena: watu wamemfanya mwendawazimu, naye amekubali. Andika haya uliyosema. Barua moja, sahihi yako, nitaisoma msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Wakimrudishia mtoto wake kwa jina safi, huenda atamwachia huyu aende. Lakini iwe mapema."

"Ijumaa hii," alisema Delia. "Nakuahidi."

Na kwa wakati ule alimaanisha. Walipobaki wawili, Trish alifungua daftari kwenye ukurasa ule.

"Nifanye nini na hii?"

"Unaonaje?"

"Zimebaki siku kumi na saba, mpenzi wangu. Barua ikisomwa Ijumaa, Jumamosi iko gazetini. Ingesomwa Ijumaa ya baada ya kura, isingekuwa imebadilika hata neno." Trish hakumtazama usoni. "Mimi nasema tu."

Ajabu ni kwamba Delia hakuhitaji kushawishiwa zaidi. Aliitikia kwa kichwa, na Trish akachana ukurasa, akaukunja, akautia mfukoni, na wote wawili wakaanza kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu.

Meza ya Alhamisi ilikwenda vizuri. Watu kumi walisema, kumi wakaandikwa. Mwandishi wa gazeti alimsifu: hapa kuna mtu anayejua kusikiliza. Jiko lilinuka sabuni. Usiku Delia alilala fofofo, na asubuhi alipogundua amelala hivyo akajionea haya, akaoga, akaenda kwenye kampeni.

Ijumaa ya kwanza Ustaz alipiga simu. "Dada yangu anapakua sahani mbili. Zote mbili zinarudi tupu, na yeye anakonda. Barua iko wapi?"

"Wiki ijayo, Ustaz. Wanasheria wanaiangalia." Hakukuwa na wanasheria.

Ijumaa ya pili alipiga mara tatu. Delia alikuwa barabarani anapungia watu mkono, simu ikitetemeka kwenye mfuko wa koti, na kila ilipotetemeka alipunga kwa nguvu zaidi.

Siku ya kura ilikuwa Jumamosi ya mawingu mepesi. Kwenye shule ya msingi ya mtaani foleni ilizunguka uwanja, wazazi wa wanafunzi wakichoma soseji kwa kuchangia vitabu vya maktaba, na watu wa kila mgombea wakigawa kadi zenye maelekezo ya kuwapanga wagombea kwa namba kwenye karatasi ya kura. Delia alisimama langoni na rundo lake. Colin alikuwa pembeni yake, mkate wa soseji mkononi, amevaa fulana ya kampeni. Mpiga picha alikuwa hatua mbili kutoka kwao.

Alisikia harufu kabla hajaona mtu. Ilipenya katikati ya vitunguu na moshi wa soseji.

"Bi Delia."

Hakumtambua mara moja. Gauni lilikuwa linaning'inia, mashavu yamezama, na mkono uliobana mkoba ulikuwa mifupa na ngozi. Lakini uso ulikuwa unacheka. Kwa miaka yote Delia hakuwahi kuuona uso huo umefurahi hivyo.

"Mama Azrin. Hapa si jimbo lako."

"Unaweza kupigia popote, si wameniambia? Ametaka tuje huku. Ametaka akuone siku yako kubwa."

Delia alishusha sauti. "Barua naiandika. Jumatatu, bila kukosa. Naapa."

"Ah, iache." Mama Azrin alipunga mkono. "Ya nini tena? Barua ni ya watu waliofiwa." Akasogea karibu, akanong'ona kwa furaha. "Hana kinyongo na wewe. Anasema ulimkaribisha vizuri. Hapa nilipo, Bi Delia, hata usingizi sina haja nao. Tunazungumza mpaka kunakucha."

Nyuma yake foleni ilikuwa imeacha pengo. Watu walikuwa wamejipanga kwa karibu, bega kwa bega, ila kando ya mwanamke yule palikuwa na nafasi ya mtu mmoja ambayo hakuna aliyeikanyaga, na mtoto aliyebebwa na baba yake alikuwa akiitazama nafasi hiyo bila kupepesa.

Angeweza kusema pale pale. Ingetosha sauti ya kawaida: watu mia wangesikia, mpiga picha angesikia, na habari ingefika msikitini kabla ya adhuhuri. Delia alilijua hilo. Alivuta pumzi, akaona lenzi ya kamera imeelekezwa kwao, mgombea na mama wa Kiislamu, picha nzuri, na Colin akasema, "Mpe kadi mama wa watu, foleni inangoja."

Akampa kadi.

"Na yake," alisema Mama Azrin.

"Mama Azrin, nakuomba."

"Na yake, Bi Delia. Anangoja."

Delia akachukua kadi nyingine kwenye rundo, akainyoosha kuelekea ile nafasi tupu, usawa wa kifua cha kijana. Ikavutwa kutoka vidoleni mwake, taratibu, kwa adabu. Akageukia mtu aliyefuata kwenye foleni, akatabasamu, akampa ya kwake.